Presha ya Oili Ikishuka: Soma Namba Tatu Kabla ya Kushika Spana

Kosa linalojirudia zaidi kwenye injini ndogo za ndege ni kukimbilia vali ya presha kabla ya kujua presha yenyewe ni kiasi gani. Rubani anasema mshale umeshuka. Fundi anafungua kava, anaongeza washa moja (kipete chembamba cha chuma) au anakaza skrubu nusu mzunguko, mshale unarudi kwenye kijani, yaani eneo la kawaida la geji, ndege inaondoka. Huenda tatizo lilikuwa sensa iliyochoka, na sasa injini inaendeshwa kwa presha kubwa kuliko inavyotakiwa. Au lilikuwa beringi, na sasa dalili pekee iliyokuwa ikionya imezibwa mdomo. Hili la pili ndilo baya zaidi, maana beringi inaendelea kulika huku kila anayetazama geji akiridhika.

Namba ya presha ikiwa peke yake haina maana. Iandike pamoja na joto la oili na mizunguko ya injini kwa dakika, zote tatu zikiwa zimesomwa kwa wakati mmoja. “Presha iko chini” si ripoti. “Psi 48 kwa mizunguko 2,300, oili nyuzi 96 za Selsiasi, dakika arobaini baada ya kupaa” ni ripoti, na nusu ya kazi ya fundi imeshafanyika hapo. Psi ni kipimo cha presha: pauni kwa kila inchi ya mraba.

Ukishapata namba hizo, zilinganishe na mipaka ya injini hiyohiyo, si ya jirani yake. Lycoming O-320 iliyomo kwenye Cessna 172 nyingi za zamani ina kijani cha psi 60 hadi 90, na isishuke chini ya 25 ikizunguka taratibu. Continental O-200 ya Cessna 150 inasafiri vizuri kwa psi 30 hadi 60, na taratibu inaruhusiwa kufika 10. Rotax 912 hupimwa kwa bar: 2 hadi 5 ikizidi mizunguko 3,500, na isipungue 0.8 ikiwa chini ya hapo. Bar moja ni takriban psi 14.5. Kwa hiyo psi 35 angani ni afya njema kwa O-200, na ni sababu ya kutafuta pa kutua kwa O-320. Rubani anayehama kutoka ndege moja hadi nyingine ndiye anayechanganyikiwa hapa, kwa sababu jicho limezoea mahali mshale unapokaa na si namba iliyo chini yake.

Presha inatoka wapi

Pampu ya oili ni gia mbili zilizoumana ndani ya nyumba yake. Kila mzunguko zinasukuma ujazo uleule wa oili. Kazi ya pampu ni kuleta mtiririko. Presha huzaliwa pale oili inapolazimika kupenya kwenye nafasi finyu za beringi za krankshafti, za konrodi, za kamshafti, na kwenye tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua vali za silinda). Nafasi zikipanuka, oili inapita kwa urahisi na presha inashuka. Oili ikiwa nyepesi kwa joto, vilevile. Pampu ikilika, oili inarudi nyuma kupitia kando ya gia na kinachofika mbele ni kidogo.

Katika injini isiyo na hitilafu, ukishaongeza moto (yaani nguvu ya injini) kupita mwendo wa taratibu, pampu inatoa oili nyingi kuliko injini inavyoweza kumeza. Hapo ndipo vali ya kuachilia presha inapoingia kazini: gololi au pistoni ndogo iliyokandamizwa na springi, inayofunguka presha ikifika kiwango kilichowekwa na kuirudisha ziada kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Kuanzia hapo, hata ukiongeza mizunguko, presha haipandi tena kwa kiasi cha kuonekana.

Maelezo hayo yanakupa kipimo kizuri kuliko namba yoyote moja, nacho ni umbo la mchoro. Injini ikiwa na joto la kazi, yaani oili kama nyuzi 82 kwa Lycoming, soma presha kwa mizunguko 700, 1,000, 1,500, 2,000 na 2,300. Chora kwenye karatasi yenye miraba. Mstari ukipanda kisha ukalala bapa ndani ya kijani, kila kitu kiko sawa. Ukipanda na kulala bapa lakini chini ya kijani, pampu ina nguvu ya kutosha na beringi hazivuji sana, ila vali inafungua mapema: springi imechoka au marekebisho yako chini. Ukipanda na kuendelea kupanda bila kulala, maana yake presha haijafika kiwango cha vali hata kwa mwendo wa kusafiria. Oili inapotea kwingine. Inaweza kuwa pampu, inaweza kuwa beringi, na inaweza kuwa vali ileile ikiwa uchafu umeshikilia gololi isikae kwenye kiti chake.

Mtu akikaza skrubu kwenye umbo hili la mwisho, hapati chochote. Springi ngumu zaidi haiwezi kuongeza presha ambayo pampu haiifikii. Ukiona fundi amekaza mizunguko mitatu na mshale haujasogea, mwambie aache na arudishe skrubu alipoikuta.

Hakikisha geji kwanza

Geji hudanganya mara nyingi kuliko injini inavyoharibika, na kuithibitisha ni kazi ya saa moja. Kupasua injini ni kazi ya wiki kadhaa. Ndiyo sababu tunaanza hapa kila mara, hata pale dalili zote zinaponyooshea pampu kidole.

Injini ikiwa imezimwa, mshale lazima uwe kwenye sifuri. Geji ya mshale ikipumzika kwenye 5, kila usomaji uliouandika una shaka. Kwa geji ya umeme, washa swichi kuu bila kuwasha injini ndipo uangalie.

Geji ya zamani isiyotumia umeme ina bomba dogo linalotoka kwenye injini hadi nyuma ya dashibodi, na oili yenyewe, au hewa iliyonaswa mbele yake, ndiyo inayokunjua mrija uliopinda ndani ya geji. Pale bomba linapounganishwa na injini pana kiungio chenye tundu dogo sana, lenye upana wa takriban milimita moja. Kazi yake ni kuzuia injini isimwage oili yote bomba likikatika. Tundu hilo lina tabia ambazo ni vizuri kuzijua. Likiziba nusu, usomaji wa mwisho haubadiliki. Mshale unachelewa tu kupanda na kuchelewa kushuka. Likiziba kabisa, mshale unaganda ulipo. Lakini bomba likivuja baada ya tundu, hata kwa matone, presha inapungua kati ya tundu na geji, na utasoma chini huku injini ikiwa haina tatizo lolote. Pitisha kidole kwenye kila kiungo cha bomba hilo, hasa nyuma ya dashibodi ambako hakuna anayeangalia. Kidole kikirudi na oili, umekaribia jibu. Usitoe kiungio hicho na kuweka cha kawaida kwa sababu “kinachelewesha geji”. Kipo kwa ajili ya siku bomba litakapopasuka.

Geji za umeme zina maradhi yake. Sensa nyingi za aina ya VDO zina ukinzani wa takriban omu 10 presha ikiwa sifuri, unaopanda hadi karibu omu 180 kwenye mwisho wa kipimo. Kwa sensa hiyo, waya ukikatika geji inaruka hadi mwisho wa juu. Waya ukigusa mwili wa injini, inaanguka sifuri. Sensa nyingine za Kimarekani zina mpangilio wa kinyume, omu 240 kwa sifuri na 33 kwa juu kabisa, na dalili zinageuka. Kwa hiyo soma namba ya sensa kwanza ndipo utafsiri unachokiona. Rotax za karibuni hutumia sensa ya mkondo: miliampu 4 ni sifuri, miliampu 20 ni bar 10. Ukibadilisha sensa ya zamani kwa mpya ya namna hii bila kubadilisha mpangilio wa geji, utasoma upuuzi mtupu, na hilo limewahi kusababisha pampu nzima kufunguliwa bure.

Sensa yenye waya mmoja inapata ethi yake (njia ya umeme kurudi) kupitia hesi zake kwenye injini. Mtu akizungushia tepu ya tefloni nyingi kwenye hesi, ethi inakuwa mbovu, ukinzani unaongezeka, na geji ya aina ya VDO inasoma juu kuliko ukweli. Presha inayoonekana nzuri huku ikiwa mbaya ni hatari kuliko kinyume chake. Tumia kiasi kidogo cha dawa ya hesi badala ya tepu, na acha hesi mbili za mwanzo zikiwa kavu ili hakuna kipande kitakachoingia kwenye njia ya oili.

Namna ya kuitambua ethi mbaya: washa taa ya kutulia, bonyeza kitufe cha redio, washa pampu ya petroli ya umeme. Presha ikicheza kila ukibonyeza, chanzo ni waya, kwa sababu injini haijui kama umewasha taa.

Jambo jingine ni uzito wa sensa. Sensa nzito iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini kwa kiungio cha shaba au alumini hutikiswa kila dakika ya safari, hadi kiungio kinapasuka shingoni. Hapo hupotezi usomaji tu. Unapoteza oili yote. Sensa hizo zifungwe kwenye ukuta wa kuzuia moto na kuunganishwa kwa mpira unaofaa kwa oili ya moto, na viungio viwe vya chuma. Ukikuta sensa iliyofungwa vinginevyo, badilisha ufungaji huo hata kama presha iko sawa.

Kupima kwa geji ya uhakika

Chukua geji ya mkono iliyopimwa usahihi wake karibuni, yenye mwisho wa psi 100 au 150. Ya psi 300 haifai, maana tofauti ya psi 5 haionekani vizuri. Ifunge kwa kiungio chenye umbo la T pale sensa ilipo, mara nyingi hesi za bomba za inchi 1/8, ili geji ya ndege na ya kupimia zisome pamoja. Mpira wa geji upite mbali na ekzosi na mbali na propela, ufungwe imara, na msomaji akae pembeni ya ndege, kamwe si mbele. Funga breki, weka magogo ya magurudumu, funga mkia kwa kamba. Elekeza pua kwenye upepo, kava likiwa limefungwa kadiri inavyowezekana, la sivyo silinda zitapata moto kupita kiasi kabla oili haijafika joto la kazi.

Mmoja ndani anasoma geji ya ndege, mizunguko na joto. Mwingine nje anaandika geji ya kupimia. Geji mbili zikitofautiana kwa kiwango kilekile kila mahali, geji ya ndege imehama. Zikifanana chini na kuachana juu, mrija au sensa imechoka. Zikifanana kote, basi injini ndiyo inayozungumza, na sasa una haki ya kushika spana.

Usiamini joto la oili bila kulipima pia. Sensa ya joto ichomolewe na kutumbukizwa kwenye maji yanayochemka pamoja na kipimajoto kizuri. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, na hupungua kama nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Geji ya joto inayosoma nyuzi 15 chini ya ukweli inakufanya ulaumu pampu kwa kosa la oili iliyokuwa moto mno.

Kutoka rahisi kwenda ngumu

Geji ikiwa safi, anza na oili. Kiasi kwanza. O-320 na O-360 nyingi hubeba kwati 8, karibu lita 7.6. Oili ikiwa chini sana, pampu hufyonza hewa ndege inapoinua pua au kuteleza pembeni, na presha inacheza kwa kufuata mkao wa ndege. Presha inayoshuka kwenye kona na kurudi ukinyoosha ni ya kiasi, au ya njia ya kufyonza.

Halafu aina ya oili na umri wake. Nusa kijiti cha kupimia: harufu ya petroli inamaanisha petroli inaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kwenye injini yenye pampu ya petroli inayoendeshwa na injini, kiwambo kilichotoboka cha pampu hiyo ni mtuhumiwa wa kwanza. Uliza pia kama oili imebadilishwa karibuni kutoka nzito kwenda nyepesi. Kubadili kutoka SAE 50 kwenda nyepesi zaidi msimu wa joto kunashusha presha bila kitu chochote kuharibika.

Halafu joto. Hapa watu wengi wanapinduka: wanatafuta kwa nini presha imeshuka wakati swali halisi ni kwa nini joto limepanda. Rejeta ya oili iliyoziba kwa vumbi na wadudu, mpira wa hewa uliochanika, au viziba vya mpira kuzunguka injini vilivyokunjamana vinaruhusu hewa kupita bila kupoza. Kwenye Lycoming kuna vali ya joto inayopaswa kujifunga kwenye kama nyuzi 85 ili kuilazimisha oili ipite kwenye rejeta. Isipofunga vizuri, oili inakwepa rejeta. Itoe, itumbukize kwenye maji ya moto yenye kipimajoto, uangalie kama inarefuka na kama uso wake wa kufungia una alama ya duara iliyo kamili. Alama iliyokatika upande mmoja inaonyesha haikai sawa.

Baada ya hapo ndipo chujio la kufyonza lililo kwenye sampu. Kwenye Lycoming litolewe kila oili inapobadilishwa, na ni aibu kubwa ni injini ngapi zinafika zikiwa hazijawahi kufunguliwa sehemu hiyo kwa sababu “tuna filta ya kisasa”. Filta iko baada ya pampu. Chujio la kufyonza liko kabla. Makaa, vipande vya silikoni ya kuzibia na mabaki ya gasketi hukusanyika hapo na kuinyima pampu oili. Dalili yake ni presha nzuri wakati oili ni baridi na mizunguko ni midogo, kisha inayumba ukiongeza moto. Gasketi ya plagi yake iwe mpya kila mara, maana ikivuja upande wa kufyonza, kinachoingia ni hewa na hutaona tone sakafuni.

Filta yenyewe ikatwe kwa kikatio chake, si kwa msumeno unaoacha unga wa chuma ndani. Tandaza karatasi yake, ikamue, uipitie kwa sumaku. Vipande vinavyoshikwa na sumaku hutoka kwenye kamshafti, tapeti au gia. Vya rangi ya shaba hutoka kwenye bushi na beringi. Kwenye uchunguzi wa oili wa maabara, risasi haikusaidii sana kwa injini inayotumia petroli ya ndege ya 100LL, kwa sababu petroli yenyewe ina risasi na inajaa kwenye oili. Tazama chuma na shaba, na tazama mwelekeo wao kwa vipimo kadhaa mfululizo.

Usitarajie filta iliyoziba ijionyeshe kwenye geji. Ina vali yake ya kupitisha, ikiziba oili inapita bila kuchujwa na presha inabaki karibu palepale.

Sasa vali ya kuachilia presha. Kwenye Lycoming iko juu upande wa kulia wa kizimba cha injini, karibu na nyuma. Kata waya wa usalama, fungua kifuniko taratibu, toa springi, kisha gololi kwa sumaku. Hesabu washa, kama zipo, na uandike idadi. Gololi ikiwa na mkwaruzo au mzingo uliobonyea, badilisha. Springi ilinganishwe kwa rangi na urefu na ile iliyotajwa kwenye kitabu cha sehemu, kwa sababu ziko springi za nguvu tofauti zinazoingia kwenye tundu lilelile, na si mara moja zimekutwa zimebadilishana. Angaza kwa taa kiti cha gololi: kipande kidogo cha makaa au cha chuma kinatosha kuacha gololi wazi. Kisafishe, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa kwa gasketi mpya, na uwashe injini kabla ya kurekebisha lolote. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Ukilazimika kurekebisha, fanya kidogo kidogo oili ikiwa kwenye joto la kazi, na usipite idadi ya washa iliyoruhusiwa na mwongozo. Anayerekebisha injini ikiwa baridi anajitengenezea tatizo jipya, kwa sababu presha itakuwa chini ya kijani mara oili ikichemka.

Vali ikiwa sawa na mchoro bado haulali, pampu. Kumbuka kwamba pampu iko kabla ya filta, kwa hiyo inameza kila kilichopita kwenye matundu ya chujio la kufyonza. Tapeti ikianza kumenyeka, unga wake wa chuma unakwaruza nyumba ya pampu. Ukikuta pampu imekwaruzwa, usiishie kuibadilisha. Tafuta chuma kimetoka wapi, la sivyo mpya nayo italiwa. Kwa injini za Lycoming za zamani, angalia kwenye kumbukumbu kama agizo la FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) namba 96-09-10 limetekelezwa. Linahusu gia za pampu za aina za zamani, ambazo zilitakiwa kubadilishwa kwa za chuma kigumu.

Beringi huja mwisho. Presha inayopungua kidogo kidogo kwa mamia ya saa, ikianzia kwenye mwendo wa taratibu na injini ya moto, ni uchakavu wa kawaida. Inayoanguka ghafla ikiambatana na vipande vya shaba kwenye filta ni injini isiyopaswa kuwashwa tena.

Presha ya juu, na Rotax

Presha ya juu hupewa uzito mdogo. Oili baridi inapandisha mshale na hiyo ni kawaida. Subiri ipate joto kabla ya kuongeza moto. Ikibaki juu oili ikiwa na joto la kazi, vali imenata ikiwa imefungwa au mtu ameweka springi isiyo yake. Ukiwasha injini baridi ukavuta moto mara moja, gasketi ya filta au rejeta inaweza kushindwa kuhimili.

Rotax 912 ina tangi la oili lililo nje, na pampu inafyonza kutoka humo kupitia rejeta. Mambo mawili yanawachanganya wageni. Kijiti hakisomwi mpaka uzungushe propela kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida tu, swichi zote za kuwashia zikiwa zimezimwa, hadi usikie tangi likigugumia hewa. Kabla ya hapo oili imelala ndani ya injini na tangi linaonekana tupu. Pili, mpira wowote wa oili ukifunguliwa, hewa iliyoingia lazima itolewe kwa utaratibu wa mwongozo kabla ya kuwasha. Hewa ikinaswa kwenye tapeti, zinagonga na kuharibika hata kama geji inasoma vizuri. Kuirudisha propela nyuma kunaweza kuingiza hewa hiyo hiyo.

Sekunde thelathini, na angani

Baada ya kuwasha, presha isipofika kiwango cha chini ndani ya sekunde 30, zima. Baridi kali huruhusu muda mrefu zaidi kwa ndege nyingine, kama kitabu chake kinavyosema. Usiwashe tena “kuona kama itashika”. Injini iliyokaa miezi bila kuwashwa au iliyotoka kufanyiwa ukarabati mkubwa itiwe oili kwanza: toa plagi za cheche za chini, zungusha kwa stata vipindi vifupi ukiipumzisha, mpaka geji ionyeshe presha, ndipo urudishe plagi.

Angani, presha ikishuka tazama joto la oili mara moja. Joto likipanda pamoja na presha kushuka, injini inakaribia kusimama: punguza moto, chagua mahali pa kutua sasa hivi, ukiwa bado na kimo cha kukufikisha hapo bila injini. Joto likiwa palepale, huenda ni geji, lakini geuza kuelekea kiwanja cha karibu hata hivyo. Kuna mtego hapa. Oili ikiisha kabisa, sensa ya joto haina tena oili ya kuipasha, na usomaji unaweza kubaki au hata kushuka. Joto tulivu halithibitishi kuwa uko salama. Kwenye ndege ya injini moja yenye propela ya kasi isiyobadilika (inayojibadilisha pembe ya mabapa ili mizunguko ibaki palepale) una shahidi mwingine: propela hiyo hutumia oili ya injini, na oili ikikosekana mabapa hurudi kwenye pembe ndogo, mizunguko ikapanda bila wewe kugusa kitu. Presha sifuri pamoja na mizunguko inayopanda si kosa la geji.

Ukishatua, zima. Usiendeshe injini hadi kwenye hanga. Vuta ndege kwa mkono. Dakika tano za injini isiyo na oili zinaweza kugeuza mpira uliochanika kuwa krankshafti ya kutupwa.

Kazi ikikamilika, rudia vile vipimo vitano vya mizunguko kwa joto lilelile na uviandike kwenye daftari la injini: tarehe, saa za injini, joto la hewa, aina ya oili, idadi ya washa au mizunguko ya skrubu iliyobadilishwa. Kwenye ndege zenye cheti, mwenye leseni atie saini. Rudia kila oili inapobadilishwa. Mwaka mmoja baadaye, psi 4 zilizopungua kwenye mwendo wa taratibu zitaonekana kwenye karatasi hiyo kabla ya rubani yeyote kuzigundua kwenye mshale.